Mstari Mmoja na Sahihi Pembeni

Mheshimiwa Diwani uliye mgeni wetu rasmi, Mzee Simeoni uliye Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Mama Luciana uliye Mkuu wetu wa Shule, Padri na Shehe mliotuombea dua asubuhi hii, walimu wangu, wazazi wetu mliotoka Mungaa, Misigiri, Manyoni na kwingineko, wengine mkiwa mmeiacha alizeti shambani bila kupigwa, wanafunzi wenzangu, na wewe ambaye maturubai haya yamefungwa kwa ajili yako, Luteni Kamanda mstaafu Chediel, mwalimu wetu wa hisabati. Wakubwa wote shikamooni. Wenzangu, habari za asubuhi.

Naitwa Raheli Sostenes, wa kidato cha sita, mchepuo wa Fizikia, Jiografia na Hisabati. Nimepewa dakika kumi na tano kuzungumza kwa niaba ya wanafunzi. Nimepewa pia hotuba yenyewe, ikiwa imeandikwa tayari na ofisi ya taaluma, kurasa mbili, na ndani yake neno "mahiri" limo mara saba. Nimelihesabu kwa sababu mwalimu tunayemuaga alitufundisha kuhesabu kwanza na kusifu baadaye. Hotuba hiyo ninayo hapa. Ni nzuri. Nimeikunja, nitaitunza, na sitaisoma.

Ndugu wageni waalikwa, tangu saa tatu tumesikia sifa. Mwenyekiti wa Bodi amesema Mwalimu Chediel ni hazina. Mwalimu wa taaluma amesema ni nguzo. Mheshimiwa Diwani, ambaye kwa maneno yake mwenyewe amekutana na Mwalimu kwa mara ya kwanza leo pale getini, amesema ni baba yake. Kisha zikaja zawadi: beberu, shuka mbili, na saa ya ukutani yenye fremu ya dhahabu. Nimekuwa nikiiangalia saa hiyo. Inasema saa nne na dakika kumi. Ilisema hivyo hivyo ilipotolewa kwenye boksi. Mtu aliyekaa zamu baharini miaka ishirini na mmoja, ambaye kila asubuhi kabla ya paredi huilinganisha saa yake ya mkononi na redio, leo tumempa saa isiyotembea. Sisemi kwamba walioichagua hawamfahamu. Nasema tu kwamba wangemuuliza mtoto yeyote wa kidato cha pili, angewakumbusha betri.

Basi kwa kuwa walionitangulia wamemsifu mtu wasiyemjua, niruhusuni nimtaje huyu tunayemjua sisi.

Miaka tisa iliyopita Mwalimu Chediel alistaafu jeshi la wanamaji, akarudi kwao Misigiri kulima vitunguu. Shule hii ilikuwa imekaa mihula miwili bila mwalimu wa hisabati. Alikuja hapa kwa baiskeli, akamwambia mkuu wa wakati ule, "Nina hesabu za pembetatu na nina asubuhi zangu. Vyote viwili sivitumii kwenye vitunguu." Akaanza Jumatatu iliyofuata, kwa kujitolea. Sisi tulimkuta akiwa tayari amekuwa sehemu ya shule, kama kengele, ila yeye hakuwahi kuchelewa.

Na watu wakaanza kusema. Afisa wa majini, Singida? Atamfundisha nani, kenge? Wapo waliodhani alikuwa mpiga makasia. Mjumbe mmoja wa Bodi, ambaye nimeahidi kutomtaja na ambaye amekaa kiti cha tatu kutoka kushoto, alitutembelea darasani siku moja, akatuuliza kwa upole wote, "Na nyie mkimaliza huko majini, samaki mtakuwa mnatuletea wabichi au wakavu?"

Tulicheka, kwa sababu tumelelewa kucheka mkubwa akitania. Lakini leo nataka kujibu. Mzee wangu, afisa wa majini haendi kuvua. Wala hafanywi na kofia nyeupe, wala na vifungo vya dhahabu, wala na mjomba. Mwalimu alitueleza jinsi anavyopatikana, na nilipoisikia mara ya kwanza nilichoka kabla sijaanza. Kwanza anakuwa askari kama askari wengine, analala chini na kula kilichopo. Kisha anapelekwa chuo cha maafisa, anafundishwa kuamrisha, na kabla ya kuamrisha anafundishwa kutii, na kati ya hayo mawili anafundishwa lile gumu zaidi, yaani kumwambia mkubwa wake habari mbaya bila kuipunguza. Kisha anapelekwa melini akiwa na cheo begani, na hakuna anayemwachia chombo. Anasimama nyuma ya afisa wa zamu mwaka mzima, saa nne nne, mchana na usiku, akiandika kila kitu kwenye daftari la zamu: saa, mwelekeo, kasi, upepo, kilichoonekana na aliyekiona. Anatahiniwa mbele ya manahodha watatu. Akishindwa, anarudia. Akifaulu, anaruhusiwa kusimama peke yake, na hapo ndipo shule inapoanza, kwa sababu sasa kuna watu themanini wamelala chini ya miguu yake wakiamini kwamba aliyesimama juu anajua walipo.

Meli hujengwa kwa miaka miwili, alituambia Mwalimu. Wa kuiendesha hujengwa kwa kumi.

Je, kati ya wote waliomsifu leo asubuhi, ni nani aliwahi kumuuliza habari hizi?

Sasa nitawasimulia kisa kimoja, nanyi mtaona sababu yake baadaye. Tulipokuwa kidato cha tano, Mwalimu alianzisha kundi la wanafunzi kumi na mmoja waliotaka kujua kazi ya uongozaji wa meli. Bahari hatukuwa nayo, kwa hiyo alitupa kilichopo. Alituambia mbuga ni bahari iliyokauka, na mawe ya Singida ni visiwa. Kila Jumamosi alitupa dira moja, saa moja na daftari moja, akatuchagulia jiwe lililo kilomita saba kutoka shuleni, na sharti likawa moja: hakuna kufuata njia wala kuuliza mtu. Unatembea kwa dira na kwa kuhesabu hatua. Ukikutana na jiwe kubwa njiani unaliacha kwa pembe mraba, unahesabu hatua za kwenda pembeni, unalipita, kisha unarudi hatua zile zile.

Jumamosi ya nne kiongozi nilikuwa mimi. Tulifika kwenye jiwe, nikahesabu hatua za kwenda pembeni, mia mbili na kumi. Tukalipita. Halafu Editha akaona nyoka, sote tukaruka, na nilipotulia nikaendelea mbele bila kurudi zile mia mbili na kumi. Saa moja baadaye, kwa uhakika mkubwa na kwa mstari ulionyooka kabisa, niliwaongoza watu kumi ndani ya boma la ng'ombe la Mzee Simeoni.

Mzee Simeoni yupo, ni shahidi. Alikuwa anakamua. Alituangalia na madaftari yetu, akasema, "Eeh, mabaharia! Mmetia nanga kwenye samadi yangu?"

Akaelekeza kidole mlangoni.

"Maji yako kwenye mtungi. Kunyweni kabla hamjazama. Kiongozi wenu nani?"

Nikasema, "Mimi, babu. Shikamoo."

"Marahaba. Mtoto wa nani?"

"Wa Sostenes, wa Mungaa."

"Jina lako?"

"Raheli."

"Raheli," akasema, na akalirudia vizuri, "Raheli Sostenes. Mwambie mwalimu wako ng'ombe wangu nao wameomba kujiunga."

Tulikunywa maji yake na yalikuwa matamu. Nashukuru hata leo. Lakini njiani kurudi, kwa aibu, nilichukua ufutio nikafuta lile ingizo la hatua kwenye daftari, nikaandika hesabu nyingine iliyopendeza zaidi. Mwalimu alipolifungua alisugua ukurasa kwa kidole tu.

"Nani amefuta hapa?"

"Mimi, Mwalimu."

"Palikuwa na nini?"

"Kosa."

"Sasa liko wapi?"

"Halipo."

"Basi na mimi sitajua mlipotelea wapi," akasema, "na atakayepita nyuma yako atapotelea hapo hapo. Kosa la hatua limekufikisha kwenye samadi. La ufutio lingekufikisha kwenye mwamba."

Akatuonyesha desturi ya daftari la zamu. Kwenye meli hakuna ufutio. Ukikosea, unapiga mstari mmoja juu ya neno, mwembamba, ili lililokosewa liendelee kusomeka. Juu yake unaandika lililo sahihi. Pembeni unaweka sahihi yako na saa. Ndivyo ilivyo kwa kuruta na ndivyo ilivyo kwa nahodha. Alisema mtu anayekosea akasaini anaweza kufundishwa kuendesha meli, lakini anayefuta huyo asipewe hata ngalawa. Nikapiga mstari. Nikasaini. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na ile ndiyo ilikuwa sahihi yangu ya kwanza maishani iliyokuwa na maana yoyote.

Ndugu wageni waalikwa, hayo ndiyo aliyotufundisha nguzo yenu. Sasa nawaeleza mlivyoyatumia.

Mwezi wa pili mwaka huu ilifika barua shuleni ikitaka shule ipendekeze mwanafunzi mmoja wa mchepuo wetu aende usaili wa kusomea uafisa wa majini. Mmoja tu. Mwalimu Chediel hakusema nani. Alitupa mitihani mitatu kwa wiki moja, akabandika alama ukutani, kila mtu akaona. Nilikuwa wa kwanza. Christopher alinifuata kwa alama nne. Christopher yupo pale nyuma, muulizeni. Mimi nilimuuliza kama ameumia, akasema, "Nenda wewe bwana. Mimi natapika hata kwenye basi la Manyoni."

Mwalimu akaliandika jina langu kwenye fomu kwa mwandiko wake ule wa kusimama. Ilibaki sahihi ya mzazi.

Mama yangu, Scholastika, anauza mafuta ya alizeti kando ya barabara kuu, kwenye chupa za maji. Yupo hapa, amevaa kitenge cha kijani, na ananikodolea macho ninyamaze. Mama alikuwa na maswali. Aliniuliza, "Hata kuogelea unajua?" Nikamwambia Mwalimu ametufundisha ziwani Singidani, na kwamba maji ya kule yana chumvi nyingi hata ukitaka kuzama inabidi ufanye bidii. Siku ya pili akauliza, "Na meli ikiondoka, utaniaga saa ngapi?" Siku ya tatu alikwenda dukani akanunua kalamu mpya. Mama aliishia darasa la nne. Alikaa jioni nzima akijifunza sahihi yake nyuma ya kalenda ya mwaka jana, safu baada ya safu, mpaka moja ikamridhisha, na hiyo ndiyo akaipeleka kwenye fomu. Akaniambia, "Sasa nimeandika. Mungu akiniuliza, ni mimi niliyekuruhusu."

Jumatano iliyopita, nikiwa nafagia uwanja huu kwa ajili ya sherehe hii, mwalimu wa taaluma aliniita kutoka dirishani. Alikuwa na haraka ya maturubai. Alinipa bahasha ya wazi, akasema, "Wewe mwenye sweta, kimbia steshenari utoe kopi mbili." Hakuuliza jina. Wasichana wenye sweta za bluu hapa shuleni ni mia tatu na kumi na wawili, na kwake inaonekana sote ni mmoja. Namshukuru kwa hilo. Angekuwa mtu wa kuwatazama wanafunzi wake usoni, leo nisingejua lolote.

Kule steshenari dada Lucy aliweka karatasi kwenye mashine, akaitoa, akaipapasa. Akasema, "Mdogo wangu, hii karatasi yenu imevaa koti."

Niliiangalia. Ilikuwa fomu yangu. Mahali pa jina pamepakwa ule wino mweupe wa kufutia, mnene kama chokaa ya ukuta, na juu yake pameandikwa: *Hakuna mwombaji mwenye sifa.* Mahali pa sahihi ya mzazi pamepakwa pia, na hapo hapakuandikwa kitu. Chini kabisa kulikuwa na sahihi ya Mwenyekiti wa Bodi na mhuri wa shule. Nikatoka nje nikaigeuza karatasi juani, upande wa nyuma. Jua la Singida halifichi kitu. Jina langu lilikuwa pale pale, limeelea ndani ya ule weupe, kinyumenyume. Na sahihi ya mama, ile ya kalenda.

Sikukwangua wino. Sikuandika juu yake. Nilitoa kopi tatu badala ya mbili, ya tatu nikailipia mwenyewe, nikarudisha bahasha mahali pake. Kisha nikamuuliza mwalimu wa taaluma, kwa heshima, maana yake nini.

"Bodi imeona," akasema.

"Imeona nini, Mwalimu?"

"Imeona mkoa wetu hauna bahari. Na imeona binti akipata matatizo huko, mzazi atakuja kutulaumu sisi."

"Lakini mzazi amesaini."

"Ndiyo maana ikabidi tufute."

Nilikwenda kwa Mwalimu Chediel. Nilitegemea atakasirika. Aliuliza swali moja tu: "Umeandika saa?" Nilikuwa nimeandika. Ingizo liko kwenye daftari letu la zamu, ukurasa wa tisini na tatu, na nitalisoma kama lilivyo: *Jumatano, saa nane na dakika ishirini na tano. Jua kali, upepo wa mashariki. Jina la mwombaji limeonekana chini ya wino mweupe. Aliyeliona: R. Sostenes.*

Mheshimiwa mgeni rasmi, niliambiwa mtoto mwenye adabu husema asante. Basi nasema asante. Naishukuru Bodi kwa kuona. Miaka tisa Bodi haikuona kwamba darasa letu halina dirisha moja, haikuona kwamba dira tuliyonayo ni mali ya Mwalimu mwenyewe, haikuona kwamba mwaka jana wanafunzi saba walipata alama A ya hisabati katika shule ambayo kabla yake haikuwa imepata hata moja. Lakini ilipokuja siku ya kuona kwamba Singida haina bahari, macho yote yalifunguka kwa pamoja. Hongereni. Mmegundua jambo ambalo ramani ya darasa la tatu imekuwa ikilisema muda wote.

Ni kweli, wazee wangu, Singida haina bahari. Haina pia Bunge, na kila uchaguzi tunapeleka wabunge, wala sijasikia mjumbe yeyote wa Bodi akiandika kwamba hakuna mwombaji. Kama kuzaliwa karibu na maji ndiko kunakomfanya mtu afisa, mbona samaki wote wamezaliwa majini na hakuna hata mmoja aliye na cheo? Chombo hakiulizi umezaliwa wapi. Kinauliza kama umehesabu, kama uko macho, na kama ulichoandika ndicho ulichokiona. Hayo matatu mtoto wa mkulima wa Ikungi anaweza kujifunza, nami nimejifunza, kwa gharama ya kupotelea kwenye samadi mbele ya watu kumi.

Na mnasema mliniogopea. Asanteni. Mtu anayekuogopea anakuita, anakuketisha, anakwambia, "Mjukuu wangu, hapana, na sababu ni hii." Ningelia, pengine, lakini ningejua aliyesema hapana ni nani. Ninyi hamkusema hapana. Hamkuwa na ujasiri wa neno dogo kiasi hicho. Mmesema sipo. Mmeandika kwa wino na kugonga mhuri kwamba katika shule hii hapakuwa na mtu, na siku tatu baadaye mmemvisha shada mwalimu aliyemfundisha huyo mtu asiyekuwapo.

Sijui ni mkono gani ulioshika kile kibrashi, na sitakisia. Najua tu sahihi iliyo chini yake. Mzee Simeoni, nakuheshimu. Uliwanywesha maji watu kumi na mmoja walioingia bomani kwako bila hodi. Lakini siku ile uliniuliza jina, ukalitamka mara mbili, na ukalitamka sawasawa. Kwa hiyo ulipoweka sahihi yako kwamba hakuna mwombaji, hukuweza kusema hukunijua.

Jina langu ni langu. Mkilifuta nitaliandika tena mahali pengine, bado nina miaka kumi na minane. Lakini ile sahihi ya mama yangu, ambayo ilimchukua jioni nzima na kalenda nzima, nani aliwapa ruhusa ya kuigusa?

Najua gharama ya maneno haya. Cheti changu cha kumaliza shule bado kimo katika kabati la ofisi, na ufunguo hauko kwangu. Nimelifikiria hilo tangu Jumatano. Nimefikiria pia kwamba ndani ya ile meli, siku moja, kama nitafika, kutakuwa na watu themanini wamelala, na nahodha atakosea, na itabidi nimwambie. Kama siwezi kumwambia Mwenyekiti wa Bodi mchana kweupe mbele ya mama yangu, nitamwambiaje nahodha gizani? Kama siwezi, basi Bodi imesema kweli na hakuna mwombaji mwenye sifa.

Ombi langu ni dogo. Fomu halisi haijaondoka. Imo kwenye jalada la kijani lililo mbele ya Mama Luciana, na inatakiwa iwe imefika Dodoma kabla ya saa sita mchana kesho kutwa, Jumatatu. Basi la kwanza linaondoka kesho alfajiri, na Padri amekubali kuibeba maana anakwenda huko. Siombi fomu mpya. Siombi mtu yeyote aseme samahani kwenye kipaza sauti, wala siombi wino mweupe ukwanguliwe. Uacheni hapo hapo, usomeke. Naomba Mwenyekiti apige mstari mmoja, mwembamba, juu ya yale maneno manne. Juu yake aandike jina analolijua. Pembeni aweke sahihi na saa. Kwa saa, tafadhali, asiangalie hiyo ya zawadi.

Na kwenye ile nafasi ya pili, mama atasaini tena. Kalamu anayo. Nimeiona kwenye mkoba wake asubuhi. Tangu siku ile hatoki nyumbani bila hiyo kalamu.

Mzee Simeoni, hutapungukiwa kitu. Ulitucheka tulipopotea kwenye boma lako, na tulistahili. Lakini sisi tulirudi Jumamosi iliyofuata, tukahesabu upya zile hatua mia mbili na kumi, tukalifikia jiwe. Njia ya kurudi ipo kwa kila mtu, hata kwa Bodi. Mimi naamini utaipita. Sikuandika hotuba hii kwa kuamini kwamba hutaipita.

Namalizia na wewe, Mwalimu.

Ulituambia kwamba baharini afisa haondoki zamu kwa sababu saa imefika, wala kwa sababu amechoka, wala kwa sababu amepewa beberu. Anabaki amesimama mpaka anayempokea aje, aambiwe mwelekeo, aambiwe kasi na hatari iliyo mbele, na mpaka huyo aseme kwa sauti maneno mawili. Bila maneno hayo, hata kama ni asubuhi, hata kama goti linauma kama hilo lako, zamu bado ni yake. Leo asubuhi wamekuaga watu wengi, na hakuna hata mmoja aliyekupokea. Umekaa kwenye kiti hicho cha kitambaa cheupe kama mtu anayesubiri.

Kidato cha tano wameshagawana Jumamosi. Dira umetuachia, na Editha ameishonea mfuko. Daftari limebaki na kurasa sitini, ukurasa wa tisini na nne uko wazi, na leo jioni utaandikwa lile litakalokuwa limetokea kwenye jalada la kijani, liwe jema au baya, bila kufutwa. Mwelekeo naujua. Hatari iliyo mbele nimeiona, imekaa meza kuu, nayo bado ina nafasi ya kugeuka.

Wageni wetu, wazazi wetu, nawashukuru kwa kukaa juani mkanisikia mpaka mwisho, hata yale yaliyowachoma. Mama, nisamehe kwa kukutaja. Mzee Simeoni, kalamu hii hapa, naiweka mezani.

Mwalimu, nimepokea zamu. Nenda kapumzike.